Muulize Fundi: Foili ikae kwenye kisanduku cha pezi au kwenye reli?

Safari hii barua ni tatu na zote ni za ubao wa tanga wenye foili, yaani ule mguu wenye mabawa unaofungwa chini ya ubao na kuuinua juu ya maji. Wenye mitumbwi inayovuja mtanivumilia hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Nyegezi, Mwanza, huwa naingia ziwani na ubao wa tanga alasiri upepo ukishaamka. Nimeuziwa ubao na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ni wa lita 135, upana sentimita 80, na nyuma una kisanduku cha pezi cha bolti moja. Akaniongezea foili iliyotumika: mguu wa alumini wa sentimita 85, na vichwa viwili vya kubadilisha. Kimoja ni kile kirefu cha Tuttle ya kina, kinachozama ndani ya kisanduku chake, kingine ni bamba la matundu manne, la kufungia kwenye reli. Bawa la mbele ni kubwa na limekaa karibu kabisa na mguu. Sasa nina washauri watatu. Mchomeleaji wa Mabatini anasema atanichongea adapta ya chuma iingie kwenye kisanduku hiki hiki. Rafiki yangu wa Dar anasema nikikate, niweke kisanduku cha Tuttle ya kina, kwa sababu ndicho wanachotumia Olimpiki. Fundi mmoja wa boti za fibaglasi anasema atanifungia reli mbili, yaani mifereji ya kutelezesha nati za lile bamba, asubuhi nampa ubao, jioni nachukua. Nimfuate nani? Nina kilo 78.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka reli. Ila huyo fundi wa siku moja asiguse ubao wako kabla hujamwuliza swali nitakalokupa huko chini. Akijibu vibaya, beba ubao wako uondoke.

Nianze na mchomeleaji, maana ndiye wa bei nafuu na ndiye atakayekushawishi. Chuma chake sina wasiwasi nacho, kitakaa. Kitakachoachia ni ubao. Pezi la kawaida ni fupi na kazi yake ni kuzuia ubao usiteleze upande. Foili inakuinua wewe, ubao, tanga na kila kilichoko juu yake, halafu kila ukilalia upande ule mguu wa sentimita 85 unageuka mtaimbo. Piga hesabu ndogo tu: bawa likisukumwa upande kwa nguvu ya kilo 30, kule juu kisanduku kinapata mzigo sawa na kilo 25 na ushee zilizotundikwa kwenye ncha ya nondo ya mita moja. Hapo hujaruka, hujaanguka, hujagonga gogo. Kisanduku cha bolti moja ni kifupi, kinashikwa na ngozi ya chini ya ubao na povu kidogo lililokizunguka. Nililetewa kimoja kilichofungiwa foili kwa mtindo huo. Kisanduku kilikuwa kimeng'oka kizima, bolti haijapinda hata kidogo, na donge la povu jeupe bado limekiganda pande zote. Adapta yenyewe ilikuwa inang'aa.

Kuna watengenezaji waliowahi kuviimarisha visanduku vya aina hiyo ili vibebe foili, na wakifanya hivyo huandika kwenye ubao wenyewe au kwenye kitabu chake. Kama wako hauna maandishi hayo, uhesabu hauna uimarishaji.

Rafiki yako wa Dar hajakosea kuhusu Olimpiki. Iliyokuwepo Paris 2024 ni iQFOiL, ubao wa tanga wenye foili, mbio zake zikafanyika Marseille, na mguu wake ni wa kaboni, sentimita 95, unaoingia kwenye kisanduku cha namna hiyo anayokwambia. Tuttle ya kina ikikaa vizuri ni kazi safi. Kichwa kinazama ndani kabisa ya ubao, kisanduku kinashika ngozi ya chini na ya juu kwa pamoja, bolti mbili zinashuka kutoka juu na kukivuta, na chini hakuna bamba la kuburuza maji. Ningekuwa nakuta ubao wako umetoka kiwandani na kisanduku hicho, kimeimarishwa kwa foili, nisingekwambia habari ya reli hata kidogo.

Lakini rudi kwenye barua yako, ile sentensi uliyoipitia haraka: bawa la mbele limekaa karibu kabisa na mguu. Hiyo ndiyo inayoamua kesi yako. Kisanduku cha pezi kiko mkiani. Foili za mashindano zinakubali kukaa mkiani kwa sababu fito inayounganisha mabawa ni ndefu na bawa la mbele limetangulia mbali mbele ya mguu, kwa hiyo nguvu ya kuinua inakuja chini ya miguu yako ingawa mguu wa foili uko nyuma. Yako ni foili ya familia nyingine. Ukiifunga mkiani, nguvu ya kuinua inakuja nyuma ya kisigino chako cha nyuma. Pua itachimba maji, nawe utajikuta umesimama kwenye ncha ya mkia ukitafuta kitu ambacho hakipo. Watu wa namna hiyo huwa wanasema foili waliyouziwa ni mbovu.

Reli zinakaa mbele zaidi, na zinakuruhusu kusogeza. Ukisogeza foili mbele, pua inainuka na unahitaji kukandamiza kwa mguu wa mbele. Ukiirudisha nyuma, pua inatulia, mwishowe inakuwa nzito. Kwa mtu aliyenunua foili mkononi, bila kitabu, bila kujua bawa lilibuniwa kwa nani, uwezo huo wa kusogeza sentimita mbili huku na huku ni mali. Tuttle haisogei. Ukiikosea umeikosea mpaka uuze ubao.

Sasa swali la kumwuliza huyo wa siku moja: "Unatumia resini gani?"

Resini inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya boti zetu ni poliesta. Ni nzuri, ni nafuu, na harufu yake ukishaijua huisahau, inakukaba koo kuanzia mlangoni. Kwenye boti ya fibaglasi haina shida. Ubao wako ndani ni stairofomu, ile ile jamii ya povu jeupe linalokuja ndani ya katoni ya televisheni. Kama humwamini Fundi, chukua kipande cha hilo povu la televisheni ukidondoshee matone ya resini ya poliesta, kisha angalia. Tone halitulii juu. Linazama, povu linanywea kulizunguka kwa mlio mdogo wa kuchemka, na baada ya muda mfupi una shimo lenye kuta laini zinazonata. Ndicho kitakachotokea ndani ya ubao wako, chini ya reli, mahali ambapo hakuna atakayeona. Juu patang'aa vizuri kabisa. Utalipa, utamshukuru, utaenda majini.

Jibu unalolitaka ni epoksi. Na mtu wa epoksi hakwambii jioni. Epoksi nyingi zinahitaji kama saa 24 kushika na siku kadhaa, hata wiki, kufikia nguvu yake yote. Inapimwa kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Ukiona anakadiria kwa jicho kwenye kikombe cha uji, muage kwa heshima.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, uisimamie hata kama hushiki grainda.

Kabla ya kukata, upime ubao uzito na ulinganishe na ule ulioandikwa na kiwanda. Ukizidi sana, umekunywa maji, na gundi haishiki povu lenye maji. Ukaushwe kwanza kivulini, skrubu ya hewa ikiwa wazi. Halafu hiyo skrubu ndogo ya hewa watu wengi wanaiona ni pambo. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ubao uliofungwa skrubu Dar ukapandishwa hadi Mwanza juu ya lori, jua la Shinyanga likiupiga njiani, unafika hewa ya ndani imejaa na kutafuta pa kutokea. Inapata pale ngozi ilipo dhaifu. Safarini ifungue, majini ifunge.

Kutafuta mahali pa reli: geuza ubao, weka foili juu yake bila kufunga. Nguvu ya kuinua ya bawa la mbele iko karibu na robo ya upana wake ukipima kutoka ukingo wa mbele. Alama hiyo ya robo iangukie kati ya mikanda ya miguu, ikiegemea ule wa mbele. Bamba liwe katikati ya reli hapo, ili ubaki na nafasi ya kusogeza pande zote mbili. Usikubali mtu aziweke "pale pale zinapokaa za wenzako." Wenzako hawana bawa lako.

Umbali kati ya reli, katikati kwa katikati, ni milimita 90. Ukikosea milimita mbili bamba litaingia kwa kulazimishwa, na bolti zitakuwa zinavuta reli pembeni kila siku ya maisha yake. Dawa ni kulitumia bamba lako lenyewe kama kipimo: lifunge kwenye reli, lipake nta lisigandishwe, kisha reli zishuke kwenye gundi zikiwa tayari zimeshikana nalo. Gundi ikikauka, fungua bamba, pitisha nati kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila reli. Zitelezeke bila kukwama.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapofanyia uvivu: chini ya reli. Reli ikigundishwa kwenye stairofomu tupu itang'oka kama kile kisanduku nilichokueleza. Lazima ikae ndani ya kitalu cha povu gumu, la PVC, na kitalu hicho kishuke mpaka kiguse ngozi ya upande wa pili, kigundishwe nayo. Hapo mzigo unagawanywa kati ya ngozi mbili. Juu ya reli zipite safu za kitambaa cha fibaglasi, kila safu ipanuke kuliko ya chini yake, zikanyage ngozi ya zamani iliyokwanguliwa rangi mpaka kitambaa cha kiwandani kionekane. Gundi juu ya rangi inashika rangi tu.

Kile kisanduku cha zamani kiache. Siku ya upepo mkali utarudisha pezi lako.

Bolti ni M8, za stenlesi ya A4, na alama hiyo imegongwa kwenye kichwa, isome kabla ya kulipa. Zisiwe ndefu kupita kina cha reli, la sivyo zitafika chini na kuanza kusukuma reli itoke huku wewe ukidhani unakaza. Kaza kwa kupokezana, kona kwa kona, na alenki fupi ya kawaida. Usiongeze bomba kwenye mpini.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Bukoba. Ubao wangu umetoka kiwandani na kisanduku cha Tuttle ya kina, umeandikwa ni wa foili, na foili yangu ina kichwa hicho hicho. Nikishakaza bolti zote mbili, bado nikishika bawa na kulitikisa nasikia kitu kikigonga kidogo ndani, tk, tk. Mume wangu anasema nizidishe kukaza. Nimekaza mpaka naogopa. Nizidishe?

JIBU: Nzuri, dada. Acha kukaza leo hii. Mwambie shemeji nimekataza.

Kichwa cha Tuttle kimechongwa kikipungua kuelekea juu, na kisanduku vilevile. Vinatakiwa kubanana kwenye kuta. Ila jina kuwa moja hakuna maana kwamba kila kiwanda kimechonga sawasawa. Wengine wanataka kichwa kifike kwenye dari ya kisanduku, wengine wanategemea kuta peke yake, na ukichanganya kichwa cha huyu na kisanduku cha yule unapata mlio wako. Kuzidisha kukaza hakujazi nafasi. Kunavuta dari ya kisanduku ishuke, na siku moja unaona ufa mwembamba juu ya ubao, pembeni ya tundu la bolti.

Kwanza ujue kinagusa wapi. Chukua chaki ya darasani, ya rangi, paka kichwa chote, kuta na juu. Kiingize taratibu, kaza kwa vidole na alenki kidogo tu, kisha kitoe. Palipogusa chaki imefutika na imehamia ndani ya kisanduku. Ukikuta imefutika juu tu na kuta bado zina rangi yake, kichwa kinafika darini kabla ya kubana pembeni, ndiyo maana kinacheza. Hapo kinasuguliwa juu kidogo, msasa juu ya ubao bapa, nusu milimita kwa nusu milimita, ukirudia chaki kila mara. Hiyo ni kama kichwa ni alumini nene. Kama ni cha kaboni usikisugue kabla fundi hajakiona. Ukikuta chaki imefutika kwenye ukingo wa mbele tu au wa nyuma tu, shida ni umbo. Paka kichwa nta, paka kuta za kisanduku epoksi iliyokorogwa na unga wa kuijazia, ingiza, futa inayofurika, subiri ikauke, kitoe. Kisanduku kitakuwa kimechukua sura ya kichwa chako. Matundu ya bolti yazibe kwa nta kabla ya kuanza, tafadhali. Epoksi ikiingia kwenye nyuzi za bolti utanipigia simu usiku.

Nta nayo usiifanyie ubahili. Ukiacha sehemu ndogo bila nta, foili na ubao vimefunga ndoa.

Na ukishamaliza, kila unapofunga, paka grisi kwenye bolti na safu nyembamba kwenye kichwa. Bolti ni stenlesi, kichwa ni alumini, na kama ubao una kaboni basi ndiyo una vitu vitatu visivyopendana, vikikaa pamoja kwenye unyevu alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo kinachotokea Tanga kwa muda mfupi kwetu kinachukua muda mrefu. Kinatokea, lakini. Unaona unga mweupe kwenye tundu, halafu bolti haizunguki. Ikifika hapo mwagia mguu maji ya moto, usitumie moto wa gesi karibu na ubao. Alumini inapanuka kuliko stenlesi, tundu linaachia kidogo, na kwa mafuta ya kupenyeza na subira bolti inatoka.

SWALI: Mwangaluka Fundi. Mimi natokea Pasiansi kwenda Igombe kwa bajaji. Kufunga na kufungua foili kila siku kunanichosha. Naweza kuiacha imefungwa ubaoni njia nzima?

JIBU: Mwangaluka. Hapana.

Mguu ukiwa umesimama nje ya bajaji, kila shimo la barabarani linautikisa, na mtikisiko wote unaishia kwenye bolti na kisanduku, bila maji ya kuupunguza. Achilia mbali mwenye pikipiki atakayepita kushoto bila kuangalia. Ukingo wa bawa la nyuma umeshonwa na daktari zaidi ya mara moja hapa mjini.

Kama ni uvivu wa bolti, acha mguu na mabawa vikiwa vimeshikana, uvivike mfuko au hata gunia la mchele, ufungue zile bolti za ubaoni tu. Ni bolti nne kwenye reli, mbili kwenye Tuttle. Ukifika Igombe fungia nchi kavu, juu ya nyasi, ubao ukiwa chali. Mchanga ukiingia kwenye reli nati hazitelezi. Beba ubao ukiwa umepinduliwa, mabawa juu, na uingie nao hivyo hivyo mpaka maji yafike kifuani ndipo uugeuze, maana kule mawe hayana adabu, yanaanza chini ya maji kabla hujayaona. Waulize wavuvi nyavu za sangara zimetegwa upande gani. Bolti ya akiba na alenki viwe kwenye mfuko wa koti la kuokolea, si kwenye bajaji, kwa sababu bajaji itakuwa imeshaondoka.